Filta ya oili ya dizeli kuukuu: usimwachie aliyetumwa dukani

Ami yangu ana HiAce ya dizeli iliyozeeka pamoja naye. Kila alfajiri hupakia akina mama wa sokoni na mizigo yao kutoka Kilifi hadi Kongowea, na jioni huwarudisha. Gari hilo ndilo karo, ndilo kodi ya nyumba, ndilo unga wa kesho.

Mwaka juzi lilianza kulia vibaya. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, sekunde chache baada ya kuwashwa: mlio mkavu wa chuma kwa chuma, kisha kimya. Ami akasema dizeli zote hulia hivyo. Baada ya miezi kadhaa, tukikaribia Mtwapa, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka kila dereva alipopunguza mwendo, na injini ikawa inagonga kutoka chini kama mtu anayebisha mlango. Tulilivuta kwa kamba hadi gereji.

Fundi alipoifungua injini alikuta beringi zimelika, na krenkshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, umechorwa mistari. Kabla hata ya kutaja bei, aliichukua filta ya oili aliyoitoa, akaikata kwa mkasi wa bati na kuikunjua mbele yetu. Karatasi ya ndani ilikuwa imejikunja kama kitambaa kilicholoa, na upande mmoja gundi ilikuwa imeachia. Oili ilikuwa ikipita kwenye mwanya huo bila kuchujwa.

"Mzee, hii alikununulia nani?" fundi akauliza.

Ami akamwangalia dereva. Dereva akamwangalia makanga. Makanga akasema yeye alitumwa tu. Alipewa pesa, akaenda dukani na filta ya zamani mkononi, muuzaji akampa "inayofanana nayo", rahisi zaidi kwa shilingi mia nne hivi, na chenji akairudisha.

Fundi hakusema filta peke yake ndiyo yenye hatia. Oili nayo ilikuwa imechelewa kumwagwa. "Lakini oili ikichelewa, filta nzuri hukupa nafasi," alisema. "Hii haikukupa nafasi yoyote." Matengenezo yalimeza akiba ya karo ya muhula mzima, na gari likakaa juu ya mawe wiki tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wenye magari ya dizeli swali moja: filta yako ya mwisho ilichaguliwa na nani? Wengi hawajui. Jina la oili wanalijua, bei ya oili wanaijua, lakini filta ni "ile ya sevisi" tu. Basi ndugu msomaji, kama una dizeli kuukuu inayokulisha, hebu tuizungumze filta yenyewe.

Filta inafanya nini hasa

Pampu ya oili huvuta oili kutoka kwenye bakuli lililo chini ya injini na kuisukuma ipite kwenye filta kabla haijafika kwenye beringi, krenkshafti, vali na, kwa magari yenye tabo, kwenye tabo. Kati ya beringi na krenkshafti kuna utando mwembamba sana wa oili. Vyuma hivyo viwili havitakiwi kugusana kabisa. Utando huo ndio unaovitenganisha.

Uchafu hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70. Chembe zinazoumiza injini zaidi ni ndogo kuliko hapo: zile zinazolingana na unene wa utando wa oili. Huingia katikati ya vyuma viwili na kusaga kama msasa, na jicho lako haliwezi kuziona. Ndiyo maana kuchovya kidole kwenye oili na kusema "bado safi" ni kujidanganya.

Kwa nini dizeli, na kwa nini iliyozeeka

Injini ya dizeli hutoa masizi mengi kuliko ya petroli. Baadhi ya masizi hayo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Ndiyo sababu oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, na weusi huo peke yake si ugonjwa. Kenya ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hilo limesaidia kupunguza tindikali ndani ya oili, lakini masizi hayakwisha.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Chembe moja moja ya masizi ni ndogo kuliko maikroni moja, na filta ya kawaida haiwezi kuinasa. Kazi ya kuzishika chembe hizo zisigandamane ni ya dawa zilizochanganywa ndani ya oili. Dawa hizo zikichoka, masizi hushikana, yakawa mabonge, na mabonge hayo huiziba filta. Kwa hiyo hakuna filta duniani, hata ya bei gani, itakayokuruhusu kuchelewesha kumwaga oili. Oili na filta ni ndoa: mmoja akichoka, mwenzake hubeba mzigo wote.

Ama uzee, sheria zetu haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Maana yake, HiAce au Caravan ya miaka ya tisini unayoiona leo steji imezeekea hapa hapa, kwenye jua letu na vumbi letu. Ringi zimelika, kwa hivyo masizi yanayopita ni mengi zaidi. Ndani mna utando wa uchafu wa miaka mingi. Tena kuna foleni: gari likisubiri kivuko cha Likoni huku injini inanguruma, mita ya kilomita haisogei, lakini oili inafanya kazi na masizi yanaingia. Injini inahesabu saa wakati wewe unahesabu kilomita.

Ndani ya kopo

Kwa nje filta zote ni makopo yaliyopakwa rangi, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Tofauti iko ndani.

Kwanza ni karatasi yenyewe. Filta nzuri ina mikunjo mingi iliyopangwa sawasawa, kwa hivyo ina eneo kubwa la kuhifadhi uchafu. Filta mbovu ina mikunjo michache, iliyoachana, na ikipata moto na shinikizo hujikunja hovyo. Kwa gari kuukuu nafasi ya kuhifadhi uchafu ina uzito sawa na uwezo wa kuchuja. Usidanganywe kwamba filta inayochuja chembe ndogo kabisa ndiyo bora siku zote. Ikiwa ni nyembamba mno na nafasi ni ndogo, itaziba mapema.

Pili ni vali ya pembeni. Filta ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa sababu injini haijapata moto, vali hii hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Kila mtengenezaji wa injini huamua ifunguke kwa shinikizo gani. Filta ya injini nyingine inaweza kufunga vizuri kabisa lakini vali yake ikafunguka mapema mno, na ukawa unaendesha na oili isiyochujwa bila kujua. Baadhi ya injini zina vali hii kwenye injini yenyewe, si ndani ya filta. Hilo nalo ni sababu ya kutobahatisha.

Tatu ni mpira wa ndani unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Mpira ukiwa mgumu au haukai vizuri, filta hubaki tupu usiku kucha, na asubuhi injini huzunguka kavu sekunde kadhaa hadi pampu ijaze filta upya. Ule mlio wa asubuhi wa gari la ami huenda ulianzia hapo. Mpira mweusi wa kawaida hukakamaa kwa joto baada ya muda; ule wa silikoni, ambao mara nyingi huwa mwekundu au wa rangi ya chungwa, hustahimili zaidi. Kama filta yako hukaa mdomo ukiwa juu, tatizo hili ni dogo; ikilala ubavu au mdomo ukiangalia chini, ni kubwa.

Nne ni gundi na vifuniko vya mwisho wa karatasi. Hapa ndipo ya ami ilipoachia.

Anza na injini, si na kopo la zamani

Kosa la makanga wetu halikuwa wizi. Kosa lilikuwa kupeleka filta ya zamani dukani kama kipimo. Je, kama ile ya zamani nayo haikuwa sahihi? Unarithisha kosa kutoka sevisi hadi sevisi.

Kipimo ni injini. Tafuta kibati cha utambulisho kwenye gari lako na usome namba ya injini. Kwenye Toyota za dizeli za zamani utakuta 2L, 3L au 5L, na hapa wengi hupotea: hizo si lita. 2L ni ya lita 2.4, 3L ni ya lita 2.8, na 5L ni ya lita 3.0. Utakutana pia na 1KZ ya lita 3.0 yenye tabo, na 1HZ ya Land Cruiser, silinda 6 za lita 4.2 bila tabo. Nissan kuna TD27 na QD32, Isuzu kuna 4JB1, Mitsubishi kuna 4M40. Na usisahau kwamba magari kuukuu mengi yameshabadilishwa injini. Kibati kinaweza kusema jambo moja na injini iliyo ndani ikawa nyingine, kwa hiyo mwombe fundi asome namba iliyopigwa kwenye injini yenyewe.

Ukishaijua injini, tafuta namba ya filta ya mtengenezaji wa gari. Za Toyota za kuzungusha kwa mkono huanza na 90915, kisha tarakimu nyingine zinazotofautiana kwa kila injini. Namba hiyo ndiyo hati yako. Hulazimiki kununua ya Toyota. Watengenezaji wa filta wanaojulikana wana vitabu vinavyolinganisha namba zao na hiyo. Mwambie muuzaji akuonyeshe ulinganisho huo kwenye kitabu au kwenye simu yake. Akisema "chukua hii, inaingia", mshukuru na uende duka la pili. Kuingia si kufaa. Uzi wa skrubu unaweza kulingana huku mpira wa nje ukiwa na upana tofauti, kopo likiwa fupi na karatasi ikiwa nusu ya inayotakiwa.

Wenye Mercedes za zamani kama 240D na 300D wana filta isiyo na kopo, karatasi peke yake inayoingia ndani ya chombo cha injini. Kwao kanuni ni ile ile, ila waongeze moja: mpira wa kifuniko ubadilishwe kila mara.

Ukiwa dukani, tumia macho na vidole

Fungua boksi kabla ya kulipa. Muuzaji wa haki hatakasirika.

Angalia mpira wa nje: uwe umekaa vizuri kwenye mfereji wake, laini, bila nyufa. Angalia uzi wa skrubu: uwe safi, bila vipande vya chuma. Chungulia kwenye matundu madogo ya pembeni. Utauona mpira wa ndani. Ubonyeze taratibu kwa kitu safi kisicho na ncha, nao urudi mahali pake. Chungulia tundu la katikati uone kama bomba la ndani limenyooka. Litikise kopo karibu na sikio; kisisikike kitu kinachocheza. Angalia kutu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haisamehi, na kopo lililokaa dukani miaka kando ya bahari linaweza kuwa limeanza kuliwa kwenye maungio.

Kisha soma maandishi. Namba iliyo kwenye boksi iwe ile ile iliyo kwenye kopo. Herufi zisiwe zimefifia wala tahajia isiwe na makosa. Jina likishajulikana ndipo huigwa, kwa hiyo jina kubwa peke yake si dhamana, na bei iliyo chini mno ya madukani kwingine ni onyo. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini mamlaka hiyo haitakuwa nawe pale kaunta. Risiti ndiyo silaha yako ya kwanza. Dai risiti yenye namba ya filta, si iliyoandikwa "spea" tu.

Uzito wa kopo usiutegemee. Bati nene ni rahisi kuongeza kuliko karatasi nzuri.

Filta nzuri ikifungwa vibaya ni filta mbovu

Ukiwa na fundi, simama hapo uangalie mambo manne. Mpira wa filta ya zamani umetoka nayo, haukubaki umenata kwenye injini; mipira miwili ikikaa pamoja, oili itaruka yote barabarani. Mahali pa kukaa filta pamefutwa kwa kitambaa safi. Mpira mpya umepakwa oili kidogo. Na filta imekazwa kwa mkono: mara tu mpira unapogusa, ongeza kiasi kilichoandikwa kwenye boksi, mara nyingi kama robo tatu ya mzunguko. Wale wa kukaza kwa mnyororo kwa nguvu zao zote huharibu mpira na kukuachia shida sevisi ijayo.

Washa injini bila kukanyaga mafuta, hasa kama ina tabo, hadi taa ya oili izimike. Chungulia chini kama kuna uvujaji. Zima, subiri dakika chache, pima oili tena na uongeze, kwa sababu filta mpya imekunywa sehemu yake.

Gari linalokimbia kilomita 200 kwa siku humaliza kilomita 5,000 ndani ya siku 25. Kwa hiyo mwenye matatu anayesema "nilifanya sevisi juzi tu" ahesabu vizuri. Filta ibadilishwe kila oili inapobadilishwa. Kumwaga oili mpya juu ya filta chafu ni kuoga na kuvaa nguo ile ile. Na kama umenunua gari lililotunzwa vibaya, ukalitia oili nzuri kwa mara ya kwanza, jua kwamba oili hiyo itaanza kuosha uchafu wa zamani na filta itajaa upesi. Mara hiyo ya kwanza badilisha mapema, nusu ya muda wa kawaida.

Ikate uione

Ushauri wa mwisho ni ule tulioupata kwa gharama kubwa. Filta ikitoka, iache ichuruzike ndani ya debe usiku kucha, isimwage oili kwenye mtaro unaoishia baharini. Kisha mwombe fundi aikate kwa mkasi wa bati. Msumeno huacha vumbi la chuma, nawe hutajua kama limetoka kwenye injini au kwenye msumeno.

Ikunjue karatasi juani. Mikunjo ikiwa imesimama sawa na gundi imeshika, umepata filta ya kununua tena. Ikiwa imejikunja au imeachia, umejua duka la kuepuka. Ukiona vipande vinavyometameta, pitisha sumaku. Vinavyonasa ni chuma, huenda vimetoka kwenye ringi au silinda. Visivyonasa huenda ni vya beringi. Ukiviona mapema, unabadilisha beringi. Ukichelewa, unabadilisha krenkshafti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ami ameshaujenga wake.

Siku hizi namba ya injini na namba ya filta ameziandika kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kizuia jua cha dereva. Makanga bado hutumwa dukani, lakini huenda na picha ya namba hizo kwenye simu, na hurudi na risiti iliyoandikwa namba. Ami huifungua boksi mwenyewe, hubonyeza mpira kwa kidole, huchungulia, kisha humpa fundi. Jambo zima humchukua dakika 5.

Asubuhi gari likiwashwa, yeye husimama nje, mkono juu ya boneti, akisikiliza. Haliliii tena.